Somo la Nne: Bima ya Afya Nafuu kwa Mtumishi wa Halmashauri ya Mji

Mtumishi wa Halmashauri ya Mji wa Babati anayeishi Maisaka hujiuliza mara kwa mara: ni bima ipi ya afya iliyo nafuu kwangu na kwa wanaonitegemea? Sehemu ya jibu imekwisha kutolewa na sheria. Sehemu iliyobaki mikononi mwake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, nayo ndiyo tutakayoieleza hapa.

Baada ya somo hili, msomaji ataweza:
- kukokotoa mchango wake wa bima;
- kuchagua kwa busara majina ya wategemezi;
- kuwatafutia kinga wale ambao kadi yake haiwafikii;
- kuuliza maswali yanayostahili kabla ya kutia sahihi mkataba wowote wa bima.

1. Yaliyoamuliwa na sheria

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001 kwa kuwahudumia watumishi wa umma. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3. Makato haya ni ya lazima.

Tuchukue mfano wa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Mtumishi hukatwa shilingi 18,000, mwajiri huongeza 18,000, na jumla ya mwezi ni shilingi 36,000. Kwa mwaka mzima zinafikia shilingi 432,000, na nusu yake imetoka mfukoni mwa mtumishi mwenyewe. Kwa hiyo asiichukulie kadi yake kuwa ni hisani ya mtu. Ni mali aliyokwisha kuilipia, na anayo haki ya kuitumia ipasavyo.

Kila mwezi, asome hati yake ya mshahara na kuhakikisha kwamba makato ya bima yameandikwa humo. Mtumishi anayelipwa kwa mapato ya ndani ya Halmashauri anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Amuulize Afisa Utumishi kama mchango wake umekwisha kufikishwa kwenye Mfuko, kwa kuwa kukatwa fedha ni jambo moja na fedha hizo kufika ni jambo jingine.

2. Majina manne

Kadi ya mtumishi humkinga yeye, mwenza wake, na wategemezi wengine wasiozidi wanne. Wategemezi hao hutokana na watoto wake, wazazi wake na wazazi wa mwenza wake. Hapa ndipo uchaguzi halisi ulipo, nao ni mgumu, kwa sababu mtu hulazimika kuandika jina la mmoja na kuacha la mwingine anayempenda vilevile.

Tuchukue familia ya mfano. Mtumishi ana watoto watatu: wawili wako shule ya msingi, na wa mwisho ana miaka miwili. Baba yake ni mkulima kijijini, mwenye afya njema. Mama yake ana shinikizo la damu, na mama mkwe ana kisukari. Hao ni watu sita, na nafasi ni nne.

Wengi huandika watoto wote kwanza, kisha mzazi mmoja. Sisi tunashauri kupanga kwa kufuata mahitaji, kwa kujiuliza maswali matatu:

- Nani anahitaji dawa kila mwezi? Maradhi ya kudumu ndiyo yanayomaliza fedha za kaya polepole. Mama na mama mkwe wanatangulia.
- Nani ana njia nyingine ya kupata huduma? Kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007, watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo husamehewa gharama katika vituo vya umma. Mtoto wa miaka miwili anaweza kusubiri zamu yake.
- Nani hana chochote? Watoto wawili wa shule wamekwisha kuvuka umri wa msamaha. Hao wanachukua nafasi mbili zilizobaki.

Nje ya orodha wamebaki baba na mtoto mdogo. Uamuzi huu si wa kudumu. Mtoto mkubwa akivuka umri unaokubaliwa, au mtegemezi akifariki, nafasi huwa wazi. Mtumishi awe na tarehe za kuzaliwa za watoto wake mahali pamoja, ili mdogo aingizwe mapema kabla msamaha wake haujakoma. Akumbuke pia kwamba msamaha hauzuii upungufu wa dawa kituoni, hivyo akiba kidogo kwa ajili ya mtoto huyo ni ya lazima.

Ikiwa mke na mume wote ni watumishi wa umma, kila mmoja huchangia na ana orodha yake. Wakae pamoja wagawane majina, mtoto mmoja asiandikwe mara mbili huku bibi yake akikosa nafasi.

Tunaonya jambo moja: kadi haiazimwi. Kumtibia ndugu kwa kadi ya mtu mwingine ni udanganyifu. Tena huchafua kumbukumbu za matibabu za mwenye kadi, na daktari anaweza kumpa dawa isiyomfaa.

3. Walio nje ya orodha

Kwa baba aliye kijijini, na kwa kibarua wa usafi au mlinzi asiye na ajira ya kudumu, njia ya gharama ndogo imekuwa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa. Mwaka 2018, kiwango chake katika mikoa iliyo nje ya Dar es Salaam kiliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Kwa kaya iliyojaa, hizo zilikuwa shilingi 5,000 kwa kila mtu. Huduma zake zilianzia zahanati na kukomea hospitali ya rufaa ya mkoa.

Mwezi Novemba 2023, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayokusudia kila mkazi awe na bima. Kwa sababu hiyo michango na vitita vya kaya vinapangwa upya. Kabla ya kulipa, thibitisha kiwango cha sasa katika ofisi ya mtaa au kijiji, na udai stakabadhi ya serikali.

4. Kadi inakubaliwa wapi?

Kabla ya kuisifu bima kwa unafuu wake, angalia ramani. Mgonjwa wa Maisaka huanzia zahanati au kituo cha afya, akapelekwa hospitali ya Mrara, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara, na ikibidi KCMC mjini Moshi. Bima inayokomea mkoani haimfuati hadi Moshi. Hata kadi inayofika huko hailipi nauli wala chakula cha msindikizaji.

Mwezi Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha kwa muda huduma kwa wanachama wa NHIF kutokana na mvutano kuhusu bei za kitita kipya. Funzo ni kwamba kila kaya inapaswa kufahamu angalau vituo viwili vinavyoipokea kadi yake.

5. Kabla ya kununua bima ya ziada

Wakala wa kampuni binafsi akikufikia ofisini, usitie sahihi siku hiyohiyo. Muulize, na majibu yawe kwa maandishi:

- Ni kituo gani hapa Babati kinachopokea kadi hii?
- Maradhi niliyonayo tayari yanalipiwa, na baada ya kusubiri miezi mingapi?
- Ukomo wa malipo kwa mwaka ni kiasi gani, kwa mtu au kwa familia nzima?
- Nini hakilipiwi?
- Mchango utapanda vipi nikizeeka?

Bima ya shilingi chache isiyolipia dawa za kisukari ni ghali kwa mwenye kisukari.

6. Ukikwama

Anza kwa Afisa Utumishi, kisha ofisi ya NHIF ya mkoa iliyopo Babati. Kwa kampuni binafsi, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Beba nakala za kadi, stakabadhi na barua zote.

Zoezi

Andika majina ya wote wanaokutegemea. Mbele ya kila jina weka umri, maradhi ya kudumu, na mahali anapoishi. Linganisha na majina yaliyo kwenye kadi yako leo. Ikiwa anayekunywa dawa kila siku hayumo, nenda kwa Afisa Utumishi wiki hii uulize utaratibu wa kubadili orodha, kabla ugonjwa haujakulazimisha.