Ipi Kati ya Hizi Mbili? Mwongozo wa Mnunuzi wa Simu Janja, Igowole na Vijiji Jirani

Kijitabu hiki ni cha mtu ambaye ameshaamua kununua simu ya kupangusa. Fedha anayo, au ataipata akishauza viazi, na sasa kuna simu mbili zinazomvuta huku na huku. Muuzaji anasifu hii, shemeji anasifu ile, na bei zimeachana kidogo tu.

Mtu wa Igowole anaweza kununua simu pale pale senta, akatoka hadi Nyololo kushika gari la Mafinga, au akamwagiza ndugu aliyeko Iringa, Makambako au Mbeya. Kadiri duka linavyokuwa mbali, ndivyo kosa linavyokula fedha: nauli ya kwenda kurudisha, siku ya kazi iliyopotea, na mara nyingi aibu ya kubishana na muuzaji asiyekukumbuka. Ndiyo maana tunasisitiza ulinganishe kabla ya kulipa, tena simu zote mbili zikiwa zimewashwa mbele yako.

Kwa mfano tumechukua simu mbili za bei ya chini zilizotoka mwishoni mwa 2023: Samsung Galaxy A05 na Tecno Pop 8. Hatuzitangazi. Matoleo mapya yameshazifuata, na huenda wewe unachagua kati ya nyingine kabisa. Maswali ya kuuliza hayabadiliki.

Anza na kazi utakayoipa

Kutuma na kupokea fedha hakuhitaji simu janja. M-Pesa kwa *150*00#, Airtel Money kwa *150*60# na HaloPesa kwa *150*88# zinafanya kazi kwenye kitochi cha betri la siku nne. Kama hiyo ndiyo kazi kubwa, fedha yako inunue mbolea kwanza.

Simu janja inajilipa pale unapohitaji picha, sauti na karatasi. Mkulima wa vinyungu anayemtumia mnunuzi wa Dar es Salaam picha ya mzigo kabla gari halijaja. Mweka hazina wa kikundi cha vikoba anayeweka kumbukumbu kwenye kundi la WhatsApp. Mzazi anayemsaidia kijana kuomba mkopo wa HESLB, ambako kuna fomu za kupakua na nyaraka za kupakia. Andika kazi zako tatu kubwa nyuma ya daftari, kisha kila sifa atakayokutajia muuzaji iulize: inasaidia ipi kati ya hizi tatu?

GB zilizoandikwa kwenye boksi

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Simu ina kumbukumbu za aina mbili. Hifadhi ni kihenge: picha, nyimbo, video na programu zinakaa humo hata simu ikizimwa. RAM ni ungo: simu huweka juu yake kile inachokifanyia kazi sasa hivi, na ukizima, ungo unabaki mtupu. Kihenge kikubwa chenye ungo mdogo hakikuharakishii kazi. Simu yenye hifadhi ya GB 128 na RAM ya GB 2 itakuwa na nafasi tele ya picha, lakini ukitoka WhatsApp kwenda kwenye kamera inaganda, na ukirudi inaanza kufungua upya.

Sasa tazama boksi. Tecno Pop 8 yenye RAM ya GB 4 imekuwa ikitangazwa kwa maandishi makubwa kuwa ni 8GB. Chini yake, kwa herufi ndogo, unakuta 4+4. Nne za kwanza ni RAM ya kweli. Nne za pili zimeazimwa kutoka kwenye hifadhi, nayo hifadhi ni ya polepole mno kuliko RAM, tena ukiazima nafasi ya hifadhi inapungua. Samsung nayo ina kitu hicho hicho, imekiita RAM Plus. Si uongo, na kinasaidia kidogo programu zisifungwe haraka. Lakini kulipia hiyo 8 kana kwamba ni nane kamili ni hasara. Linganisha namba ya kwanza kwa namba ya kwanza: nne kwa nne, tatu kwa tatu.

Ili kuthibitisha, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu. Mwambie muuzaji kwa upole: "Kaka, naomba unionyeshe RAM na hifadhi humo ndani." Muuzaji mkweli hatakasirika. Angalia pia hifadhi iliyobaki wazi, kwa sababu mfumo wenyewe na programu za kiwandani huwa zimeshakula sehemu kubwa. Kwenye simu ya GB 64 utaiona tofauti hiyo wazi. Simu zetu mbili zote zinapokea memori kadi, jambo linalosaidia kwa picha na video, ingawa programu nyingi bado zitataka hifadhi ya ndani.

Pop 8 ilitoka na Android 13 ya toleo la Go, yaani Android iliyopunguzwa uzito kwa ajili ya simu zenye RAM ndogo. Galaxy A05 ilitoka na Android 13 kamili. Kwa mtu wa WhatsApp na picha, Go haina ubaya wowote. Ukitegemea kufungua nyaraka nyingi na programu ya benki kwa wakati mmoja, afadhali Android kamili yenye RAM ya kweli ya GB 4 au zaidi.

Mtandao wa nyumbani kwako, si wa dukani

Simu ikikamata 4G vizuri Mafinga mjini, haijathibitisha lolote kuhusu nyumba iliyo bondeni. Nchi yetu hii ni ya vilima na misitu, na mawimbi hayapiti vyote sawasawa. Masafa ya chini, kama megahezi 700 na 800, husafiri mbali na hupenya kuta na miti kuliko ya 1800 au 2600. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipiga mnada masafa ya 700 mwaka 2018, na Mei 2023 serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini. Minara inaongezeka, lakini simu isiyo na bendi husika haitaisikia.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kwanza, waulize majirani ni laini ipi inashika vizuri hapo mnapoishi, ndani ya nyumba na shambani. Pili, kwenye karatasi ya sifa za simu tafuta orodha ya bendi za LTE, yaani 4G. 700 huandikwa B28 na 800 huandikwa B20. Kuna simu za jina moja zilizotengenezwa kwa masoko tofauti, na ile iliyoletwa na mtu kutoka nje inaweza kukosa bendi zinazotumika hapa. Kama jirani ana simu ya aina unayoitaka, muombe uweke laini yako kwa dakika tano ukiwa uani kwako. Hakuna karatasi inayozidi jaribio hilo.

Ukipenda laini nyingine lakini unaogopa kupoteza namba ambayo wateja wako wanaijua, kuhama mtandao na namba yako kumeruhusiwa tangu Machi 2017. Kuhusu 5G, iliwashwa nchini mwaka 2022 ikianzia mijini. Simu hizi mbili hazina, na kwa sasa tusingemshauri mkazi wa kijijini aongeze fedha kwa ajili hiyo.

Chaji, baridi na vidole

Zote mbili zina betri la mAh 5,000. A05 inakubali chaja ya hadi wati 25, Pop 8 wati 10. Kwenye karatasi, A05 imeshinda. Lakini jiulize unachajia nini. Chaja ya wati 25 huenda isiwemo kwenye boksi, basi utainunua kando. Na kama nyumbani unatumia sola ndogo yenye tundu la USB la wati 5 au 10, simu zote mbili zitajaa kwa mwendo ule ule wa sola, saa kadhaa za jua. Anayetegemea sola asilipie chaji ya haraka.

Juni na Julai baridi ya Mufindi hulegeza betri. Chaji inaonekana kushuka upesi asubuhi, kisha hali inatengemaa simu ikipata joto. Si ugonjwa wa simu. Iweke mfuko wa ndani ya koti, usiiweke kando ya jiko la mkaa, maana joto kali huua betri kabisa.

Pop 8 ina kisoma alama ya kidole ubavuni. A05 haina. Wengi wangesema hiyo ni sababu tosha ya kuchagua Pop 8, na kwa mtu wa ofisini huenda ni kweli. Lakini mchuma chai, mpasua mbao na mtu wa jembe wanajua kilichowapata wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020: vidole vilivyosuguliwa na kazi mashine haikuvisoma kirahisi. Sajili kidole chako pale pale kaunta na ujaribu mara kadhaa. Kikigoma, sifa hiyo kwako haina thamani, na utatumia namba ya siri kwenye simu zote mbili.

Kamera tunaipita haraka. Megapikseli 50 za A05 zisikuteke wala zisikuogopeshe. Piga picha ya risiti ukiwa kivulini, ikuze, usome herufi. Inayosomeka vizuri zaidi imeshinda.

Umri wa simu na mahali pa fundi

Samsung iliahidi A05 matoleo mawili mapya ya Android na miaka minne ya masasisho ya usalama, yaani hadi 2027. Simu za Go za bei ya chini mara nyingi hubaki na toleo zililotoka nalo. Hili lina uzito kwa mtu anayenunua simu moja aitumie miaka mingi, na huku kwetu wengi tuko hivyo. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4, toleo la 2013. Simu zilikuwa nzima, zikawa hazina kazi. Ukinunua simu ya mkononi mwa mtu, toleo la Android ni swali la kwanza.

Upande wa pili kuna fundi. Kioo kitapasuka, ni suala la lini. Kabla ya kununua, mpitie fundi unayemwamini, Igowole au Mafinga, umuulize kwa simu zote mbili: kioo chake unacho, au unaagiza? Ni shilingi ngapi pamoja na ufundi? Betri je? Simu ya bei nafuu ambayo kioo chake kinaagizwa Dar es Salaam inaweza kukugharimu kuliko jirani yake wa bei ya juu. Soma pia karatasi ya dhamana. Kwa kawaida kupasuka kioo na kuingia maji havimo.

Tukilazimika kutoa hukumu kati ya hizi mbili: anayetaka kukaa na simu miaka minne, anayetumia programu ya benki na kufungua nyaraka za shule au ofisi, achukue A05 ya GB 4. Anayepiga, anayetuma sauti na picha WhatsApp, na ambaye kwake tofauti ya bei ni mfuko wa mbegu, achukue Pop 8 bila kujiona amepungukiwa. Jibu la fundi kuhusu kioo linaruhusiwa kupindua hukumu hii.

Kaunta, kabla fedha haijatoka mkononi

Usiku wa 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima, na waliokuwa wamezinunua kwa fedha halali walibaki nazo zikiwa kimya. Usinunue simu bila kufanya hili: piga *#06#. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15, na simu ya laini mbili hutoa namba mbili. Zilinganishe na zilizo kwenye boksi. Kisha tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Majibu yatataja kampuni na aina ya simu. Umeshika A05 lakini majibu yanataja simu nyingine? Irudishe kaunta, uondoke. Kubadili IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na anayekuuzia simu ya namna hiyo anakuingiza kwenye kesi isiyo yako.

Simu iliyotumika ina hatari mbili za ziada. Inaweza kuwa bado imefungwa na akaunti ya Google ya mwenyewe wa kwanza. Au ilichukuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji ataifunga kutoka mbali siku malipo yakisimama, hata kama wewe ulilipa taslimu. Mtake muuzaji aondoe akaunti yake na aifute simu yote mbele yako, iwake upya, uingize akaunti yako mwenyewe hadi mwisho. Akisema atakupa neno la siri baadaye, usinunue.

Dai risiti ya EFD yenye jina la duka, aina ya simu na IMEI. Nakili IMEI kwenye daftari linalokaa nyumbani, siyo ndani ya simu yenyewe. Ikiibwa, namba hiyo ndiyo utakayoipeleka polisi na kwa kampuni ya laini yako ili simu ifungiwe. Siku hiyo hiyo ya kununua piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, na ukikuta usiyoitambua, nenda kwa kampuni husika ifutwe. Simu mpya huvuta pia matapeli: ujumbe wa "tuma hela kwenye namba hii" utumie kwenda 15040, kisha uufute.