Fuvu Halitanuki

Jipu likiota mgongoni, ngozi hutanuka ikalipisha. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake vimebanana vitu vitatu: ubongo wa kilo 1.4 hivi, damu, na majimaji maangavu kama mililita 150. Kikiingia cha nne, kama uvimbe, lazima kimojawapo kipungue. Alexander Monro wa Edinburgh aliweka msingi wa hoja hii mwaka 1783.

Mwanzoni majimaji na damu hupisha, mgonjwa asihisi lolote. Nafasi ikiisha, presha hupanda kwa kasi: kichwa kinauma zaidi alfajiri, maana kulala hupunguza kasi ya damu kushuka kutoka kichwani, kisha kutapika, na macho kuona ukungu. Kichwa huuma kwa sababu nyingi, aghalabu si uvimbe. Lakini mtu mzima aliyeanguka degedege kwa mara ya kwanza apelekwe hospitali, si kupungwa mashetani.

Kinachoota ni nini hasa? Seli za neva zikikomaa hazigawanyiki, hivyo ni nadra uvimbe kutokana nazo. Zinazogawanyika ni seli za glia zinazozihudumia; humo hutoka glioma, na iliyo kali kuliko zote ni glioblastoma. Utando unaofunika ubongo huzaa meningioma. Ala ya neva huzaa schwannoma, ambayo ikishika neva ya kusikia, sikio moja huvuma na kupoteza usikivu. Kwa watu wazima, uvimbe mwingi ni mgeni aliyetoka kwenye mapafu au matiti. Meningioma nyingi si saratani, ila zikikandamiza shina la ubongo zinaua vilevile.

Uchunguzi huweza kuanzia jichoni. Neva ya jicho imevikwa utando uleule wa ubongo, kwa hiyo presha huifikia: daktari akimulika mboni huona kichwa cha neva kimevimba, kingo zimefifia. Kipimo cha CT au MRI huonyesha mahali na ukubwa, bali picha haitaji seli. Kifua kikuu nacho hujenga donge ubongoni linalofanana na uvimbe, na kwetu Afrika Mashariki si jambo la kupuuza.

Ndiyo maana hunyofolewa kipande kikapelekwa maabara. Hata hadubini peke yake haitoshi siku hizi: tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, glioma mbili za watu wazima zinazofanana hutenganishwa kwa jeni ya IDH. Yenye mabadiliko katika jeni hiyo haiitwi tena glioblastoma, na mwenye nayo kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi.