Kudumu Katika Sala Kariakoo: Je, Inawezekana Kusali Daima Katikati ya Kazi?



Ndugu msomaji, Mtume Paulo anawaagiza Wathesalonike wasali bila kukoma (1Thes 5:17). Agizo hili hakuwapa watawa waliojitenga na dunia. Aliwaandikia waamini wa mji wa bandari wenye biashara nyingi, na katika barua hiyohiyo anawakumbusha kwamba yeye mwenyewe alifanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu yeyote (1Thes 2:9). Basi mtu aliyechoka kwa kazi ndiye aliyetuambia tusali daima. Je, alikuwa na maana gani? Na agizo hilo linatekelezekaje kwa mwuza duka, kuli, mama lishe au machinga wa Kariakoo?

Tutaliangalia swali hili kwa hatua nne: tukio lililonifundisha, mafundisho ya Kanisa, mifano ya waliotutangulia, na njia tunazoweza kuzifuata.

1. Tukio lililonifundisha

Wakati wa likizo nilikwenda kumsaidia mama mdogo dukani kwake. Anauza vitenge kwa jumla, karibu na Mtaa wa Kongo. Nilitoka seminarini nikiwa na ratiba safi: kengele ya alfajiri, tafakari, Masifu ya Asubuhi, Misa Takatifu, masomo, Masifu ya Jioni. Nilidhani ratiba ile ilikuwa ndani yangu. Baada ya siku kumi Kariakoo niligundua kwamba ilikuwa ndani ya kengele.

Siku moja mama mdogo alikwenda benki, akaniachia duka. Akaja mama mmoja aliyetoka Ifakara, akachagua majora matatu ya kitenge chekundu. Akaniuliza kama kinachuja rangi. Asubuhi ile nilikuwa nimemsikia mama mdogo akisema kwamba mzigo ule unachuja. Lakini wateja wengine walikuwa wanasubiri, winga amesimama mlangoni akinihimiza, na simu inaita. Nikamjibu, "Hakichuji, mama, chukua tu." Akalipa kwa simu, akaondoka.

Mama mdogo aliporudi aliona nafasi kwenye rafu. Akauliza, "Ulimwambia kwamba kinachuja?" Nikanyamaza. Akachukua namba kwenye ujumbe wa malipo, akampigia yule mama, akamkuta bado hajapanda basi. Akamtuma kijana wa bodaboda na majora mengine matatu, arudi na yale ya kwanza. Nauli akalipa yeye. Hakunigombeza. Jioni, tukifunga hesabu, aliniuliza swali moja tu: "Frateri, leo ulisali?"

Nikamwambia ndiyo, na ilikuwa kweli. Masifu ya Asubuhi niliyasoma kwenye simu ndani ya daladala, huku ujumbe ukiingia na mimi nikiufungua. Akasema, "Basi sala yako imebaki kwenye daladala."

Neno hilo lilinichoma. Nilikuwa najiona mwaminifu kwa sababu nimetimiza wajibu wa kusali. Kumbe sala iliyotimizwa asubuhi inaweza isifike dukani saa tano. Na isipofika, anayeumia si mimi peke yangu. Yule mama wa Ifakara angefika nyumbani, angewauzia wateja wake kitenge kibovu, na mtaji wake mdogo ungepotea.

2. Kanisa linafundisha nini

Jambo la kwanza: kusali daima kunawezekana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2743) inatupatia fundisho la Mtakatifu Yohane Krisostomo, ambaye anataja mahali penyewe bila kuficha: mtu anaweza kusali akitembea hadharani, akiwa amekaa dukani, akinunua au akiuza, hata akipika. Mtakatifu huyo aliishi katika miji mikubwa ya Antiokia na Konstantinopoli, na aliyajua masoko.

Jambo la pili: hatuwezi kusali nyakati zote kama hatuna nyakati maalumu za kusali (KKK 2697). Hapa wengi tunajidanganya. Utamsikia mtu akisema, "Kazi yangu ndiyo sala yangu," kumbe hana hata dakika tano za kunyamaza mbele ya Mungu. Kazi hugeuka kuwa sala pale moyo unapokuwa umekwisha kuelekezwa kwa Mungu. Maji hayatoki bombani kama tangi ni tupu. Yesu mwenyewe, ambaye umati ulimsonga mchana kutwa, aliamka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipo watu kusali (Mk 1:35). Kama Mwana wa Mungu alihitaji saa hiyo, sisi ni nani?

Jambo la tatu: imani na kazi havitenganishwi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes (na. 43), unauhesabu utengano kati ya imani tunayoikiri na maisha yetu ya kila siku kuwa miongoni mwa makosa mazito ya nyakati zetu. Mizani iliyochezewa, lumbesa inayomwibia mkulima na bei ya uongo anayopewa mgeni wa jiji ni mambo yanayoigusa sala yetu moja kwa moja. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliosubiri sabato iishe upesi ili wapunguze kipimo na kuongeza bei (Amo 8:5). Miili yao ilikuwa kwenye ibada, mioyo ikiwa sokoni.

3. Waliotutangulia

Mtu anayetoka Gongo la Mboto kwenda Kariakoo hupita Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu. Mwaka 1954 mwalimu wa shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, alikuwa akienda mjini kwa shughuli za chama kipya, TANU, kilichoanzishwa Julai 7 mwaka huo katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, pale Kariakoo. Mwaka 1955 aliacha ualimu ili afanye kazi ya siasa. Huyo ni Julius Kambarage Nyerere. Wengi tunamkumbuka kama Baba wa Taifa. Tukumbuke pia kwamba alikuwa mlei aliyejulikana kwa mazoea yake ya kuhudhuria Misa ya kila siku, hata alipokuwa na mzigo wa nchi nzima mabegani. Tangu mwaka 2005, mchakato wa kumtangaza Mwenyeheri ulipofunguliwa na Jimbo la Musoma, tunamwita Mtumishi wa Mungu. Uamuzi wa mwisho ni wa Kanisa, lakini mfano wake tunao sasa: mtu mwenye shughuli nyingi aliweka Misa kwanza, akazipanga shughuli nyuma yake.

Tuwatazame pia Mashahidi wa Uganda, waliotangazwa Watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Karoli Lwanga alikuwa mkuu wa vijana watumishi katika ikulu ya Kabaka. Alisali na kuwafundisha wenzake sala palepale kazini, katika mazingira ya hatari, kabla ya kuuawa Namugongo Juni 3, 1886. Hakuwa na nyumba ya mafungo. Alikuwa na kazi, wakubwa wa kutii na vijana wa kulinda. Imani yake ilikomaa humo.

Wapo pia ambao hakuna kitabu kitakachowaandika. Baada ya tukio la kitenge nilianza kumtazama mama mdogo. Akiwa kwenye daladala alfajiri, simu inabaki mkobani na rozari iko mkononi. Akifika dukani hufanya Ishara ya Msalaba kabla ya kugusa kufuli. Muda mfupi baada ya saa sita mchana, adhana ya adhuhuri inapolia, jirani yake Mwislamu huweka kiti mlangoni na kwenda msikitini, naye mama mdogo humlindia duka. Hapohapo, akiwa amesimama katikati ya milango miwili, husali Malaika wa Bwana. Nilimuuliza kama anasahau siku nyingine. Akacheka: "Nitasahauje, na jirani ananikumbusha kila siku?"

4. Njia tunazoweza kuzifuata

a) Toa saa ya kwanza kwa Mungu. Kabla ya kufungua simu, fungua moyo. Ukisoma kwanza bei, madeni na malalamiko ya wateja, sala itaingia kwenye chumba kilichokwisha kujaa. Hata dakika kumi za Injili ya siku zinatosha kuanza.

b) Funga sala kwenye matendo ya kazi. Mtakatifu Augustino, katika barua yake kwa mjane Proba, anawataja ndugu wa Misri waliokuwa na sala nyingi lakini fupi, zilizorushwa kama mishale. Kuli anaweza kumwita Yesu anapoinua mzigo. Dereva wa bajaji anaweza kuwaombea abiria wake akisubiri foleni ya Msimbazi isogee. Mwenye duka anaweza kumwombea mteja aliyetoka bila kununua, badala ya kumsonya.

c) Tumia vifaa vya kazi kwa heshima. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto (sura ya 31) inamtaka mtunza mali wa monasteri aviangalie vyombo vyote kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Ukiipokea mizani yako kwa moyo huo, utaogopa kuichezea. Daftari la madeni nalo litaandikwa kwa ukweli.

d) Usipigane na mitawanyiko; rudi. Katekisimu (na. 2729) inafundisha kwamba kuifukuzia mitawanyiko ni kuingia katika mtego wake, inatosha kurudi moyoni. Tena mitawanyiko inatuonyesha kile tunachokipenda mno. Ukisali rozari na mara tano ukajikuta unahesabu faida, usikate tamaa. Mwambie Bwana, "Hiki ndicho kinachonishika," kisha endelea.

e) Linda Dominika. Desemba, Kanisa linapokuwa katika Majilio, Kariakoo huwa hakuna pa kukanyaga. Ni msimu wa faida, na ni msimu ambao wengi hukosa Misa. Panga mapema: kama duka litafunguliwa Jumapili, Misa ya kwanza iwe imekwisha kusaliwa, na wafanyakazi wako nao wapewe nafasi ya kwenda. Mwajiri anayekwenda Misa huku msaidizi wake akinyimwa ruhusa ajichunguze.

f) Usisali peke yako tu. Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA na VIWAWA vipo ili mtu asilegee bila ndugu kumwona. Na ukipata nafasi mchana, pita mbele ya Ekaristi hata kwa dakika chache. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililosimama karibu na bandari tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, limebeba jina la fundi aliyemlea Mwana wa Mungu kwa kazi ya mikono yake.

Neno kwa mafrateri na waseminari

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto (sura ya 43) inamwagiza mtawa aache chochote alichoshika mara anaposikia ishara ya sala. Ni jambo jema, na kengele ya seminari inatufundisha hilo. Lakini siku moja tutapewa Daraja na kutumwa parokiani, na kengele hiyo haitatufuata. Kutakuwa na ujenzi, wagonjwa, vikao, mazishi na simu isiyonyamaza. Padre ambaye sala yake ilitegemea kengele atajikuta, kama mimi dukani, anatoa majibu ya haraka kwa watu waliomwamini. Yule mama wa Ifakara aliniuliza kuhusu rangi ya kitenge. Kesho mwingine ataniuliza kuhusu ndoa yake au wokovu wake. Basi miaka hii ya malezi tuitumie kuihamisha kengele kutoka mnarani hadi moyoni.

Hitimisho

Jumamosi ya Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa kazini. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Tunaendelea kuwaombea pumziko la milele. Walitoka nyumbani kama siku nyingine, wakitafuta riziki. Tukio lile linatukumbusha kwamba Bwana hataji saa ya kuja kwake, na huenda akatukuta nyuma ya kaunta. Heri mtumishi ambaye Bwana wake atamkuta akifanya kazi yake kwa uaminifu (Lk 12:43). Tusali ili tukutwe hivyo: mikono ikiwa kazini, ulimi ukiwa katika kweli, na moyo ukiwa kwa Mungu.

Maswali ya kutafakari, binafsi au katika Jumuiya

1. Sala yangu ya asubuhi hufika wapi? Inabaki nyumbani, njiani, au inafika kazini?
2. Je, kuna mteja, mwajiri au mfanyakazi ninayepaswa kumrudishia kitu, kama mama mdogo alivyofanya kwa kitenge?
3. Ni tendo gani moja la kazi yangu ninaloweza kulifunga na sala fupi kuanzia kesho?
4. Je, wafanyakazi wangu wana nafasi ya kusali na kupumzika Dominika?

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.