Pima Kwanza, Spea Baadaye

Wadogo zangu, leo tunafungua boneti. Mmekuwa mkiniuliza sana: dada, gari haliwaki, dada, fundi kasema ninunue alteneta, dada, taa ya injini imewaka, je, niuze? Na karibu kila swali linahusu gari la aina moja, lile ambalo wengi wetu tunalo uani: Toyota ndogo iliyofika bandarini ikiwa imeshatumika Japani. Ist, Raum, Probox, Spacio. Imepeleka watoto shule, imemkimbiza mama hospitali usiku, kila Desemba imepanda Moshi na kurudi. Sasa ina miaka 15, 20, na mwenyewe hana fedha za kununua nyingine. Gari hilo bado lina maisha, na mwenyewe anaweza kulisaidia kuliko anavyodhani.

Nina jambo moja tu la kuwaambia leo, na mtalisikia kila nikigusa kifaa. Fedha nyingi zinazoteketea kwenye gari la zamani huteketea kwa kubadilisha vitu vizima. Fundi wa kubahatisha huanza na betri, akimaliza betri anataja alteneta, kisha stata. Kila akitaja, wewe unakimbilia maduka ya spea ya Gerezani au Ilala na pochi mkononi. Siku ya mwisho inagundulika kwamba terminali ya betri ilikuwa imelegea tangu mwanzo. Kupima kungemaliza habari hiyo Jumamosi moja kabla ya chai ya saa nne.

Basi tafuta multimita. Ile ya bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya umeme inatosha kabisa. Ongeza spana namba 10, 12 na 14, bisibisi, tochi na glavu. Halafu daftari la gari, ambalo mimi naliweka juu kuliko spana zote. Andika tatizo linatokea lini: injini ikiwa baridi au ikiwa ya moto, ukiwa kwenye foleni au barabara kuu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa au kimezimwa. Nusu ya jibu imo humo.

Tuanze na gari lisilowaka. Geuza ufunguo, usikilize. Ukisikia ta-ta-ta-ta ya harakaharaka huku taa za dashibodi zinafifia, stata inataka kuzunguka ila umeme hauitoshi: betri imeisha, au terminali zimeota ule unga mweupe wa kijanikijani. Ukisikia “ta!” moja nzito na taa zikabaki zinang’aa, elekeza macho kwenye stata. Stata nyingi za Toyota za zamani huwa na vipande vya shaba ndani vinavyoliwa taratibu. Fundi umeme anaweza kubadilisha vipande hivyo peke yake bila wewe kununua stata nzima, kwa hiyo muulize. Kila kitu kikizimika ghafla unapogeuza ufunguo, kuna waya usioshika. Na kama injini inazungushwa vizuri lakini haishiki, achana na betri na stata. Hapo unatafuta petroli isiyofika au plagi zisizotoa moto.

Sasa pima. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, weka multimita kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.0 ni betri inayohitaji kuchajiwa kabla hujailaumu. Halafu mtu awashe gari wewe ukitazama namba. Wakati stata inazungusha, namba itashuka, ila isipite chini ya 9.6 hivi. Hapa ndipo betri iliyochoka inapojifichua: ikitulia inakuonyesha 12.5 safi, ukiitwisha mzigo inaporomoka hadi 7. Injini ikishawaka, unataka kuona kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, alteneta haichaji, lakini kabla ya kulitaja jina hilo tazama mkanda wake kama umelegea au umepasukapasuka. Ikipanda kupita 15, inachaji kupita kiasi na itaua hata betri mpya utakayoweka.

Unga wa terminali uoshe kwa maji ya moto yaliyokorogwa bikaboneti, ile ile ya maandazi. Ukifungua, anza na waya wa hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Sababu ni kwamba bodi yote ya gari imeungwa na hasi, na spana ikigusa bodi huku bado imeshika chanya, cheche zake zinaweza kukuunguza. Betri pia hutoa gesi inayowaka, kwa hiyo sigara na kiberiti vikae mbali.

Kuna wale mnaosema betri mpya, alteneta nzima, lakini gari likikaa siku mbili haliwaki. Kuna kitu kinakula umeme usiku. Zima kila kitu, toa waya wa hasi, weka multimita kwenye ampea 10 kati ya waya huo na betri, kisha subiri kama nusu saa hadi kompyuta za gari zilale. Kipimo cha kawaida kiwe chini ya ampea 0.05. Kikizidi, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi namba ianguke; saketi ya fyuzi hiyo ndiyo yenye mla umeme. Mara nyingi utakuta ni alamu au redio iliyofungwa hapa nyumbani na mtu aliyeunga nyaya kwa haraka. Usijaribu kuwasha injini multimita ikiwa imeungwa hivyo, utaiunguza. Na fyuzi ikikatika, weka nyingine ya ampea zile zile. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyochomekwa pale imeshachoma magari ya watu.

Misi, yaani injini inatetemeka na kukosa nguvu kama inayopiga chafya, nina furaha nayo kwa sababu unaweza kuifumania bila kununua chochote. Injini ya 1NZ-FE, ile ya 1.5 iliyomo kwenye Ist nyingi, Probox na Fielder, ina koili nne, kila plagi na yake. Ukisoma kwa mashine ya namba za hitilafu ukapata P0301, kompyuta inasema silinda ya kwanza, ile ya upande wa mkanda, haichomi vizuri. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, hamishia koili ya silinda ya kwanza kwenye ya pili, na ya pili kwenye ya kwanza. Futa namba, endesha, soma tena. Ikija P0302, ugonjwa umehama na koili, basi unanunua koili moja. Moja, si nne! Ikibaki P0301, fanya mchezo ule ule kwa plagi. Ikigoma kuhama hata hapo, ndipo mzungumze na fundi kuhusu injekta na mgandamizo wa silinda. Na kama misi ilianza kesho yake baada ya injini kuoshwa kwa maji ya presha, chomoa koili utazame visima vya plagi kabla ya jambo lolote; maji hupenda kukaa humo.

Taa ya injini ikipepesa unapoendesha, usikanyage mafuta. Petroli isiyochomwa inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, na bei ya masega mnaijua.

Namba hizi zieleweni vizuri. Namba inataja kile kompyuta ilichokiona, haikutajii kifaa cha kununua. P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko petroli. Nimewasikia wengi wakiambiwa wanunue sensa ya oksijeni kwa namba hiyo, wakati pengine bomba la hewa baada ya filta limepasuka, au sensa ya kupima hewa imejaa vumbi na inahitaji kusafishwa kwa dawa yake. Andika namba kwenye daftari kabla mtu hajaifuta. Kile kisomeo kidogo kinachoongea na simu nacho ni kizuri, ila magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mengine hayasomeki nacho. Kijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa.

Tukae kidogo kwenye kuchemsha, maana ndiko injini nyingi nzima zinakofia.

Swali la kwanza ni lini. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukishika mwendo, tazama feni. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama: kwenye magari haya feni ya rejeta inapaswa kuzunguka. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha rilei (mara nyingi kuna nyingine inayofanana nayo kwenye boksi lile lile, zibadilishane uone), kisha mota yenyewe. Likichemsha ukiwa kwenye mwendo au mlimani, feni haina kosa. Upepo wa barabarani unatosha. Hapo kuna maji pungufu, rejeta iliyoziba, au pampu ya maji iliyochoka.

Usisahau mfuniko wa rejeta. Mpira wake ukichoka, mfumo haushiki presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Kipimo kimeandikwa juu yake, 0.9 au 1.1, nunua unaolingana nao. Ni kitu cha bei ndogo ambacho watu hukiruka wakaenda kufungua injini.

Sasa themostati. Gereji zetu zina tabia ya kuitoa na kuitupa, na mteja anaambiwa “gari sasa litapoa”. Inaniumiza. Themostati hubaki imefunga hadi maji yafike nyuzi 80 na kitu, ili injini ipate joto lake haraka. Ukiitoa, injini inakaa baridi, kompyuta inaamini bado ni alfajiri na inamwaga petroli zaidi, oili haipati joto la kukausha unyevu wake, na kile kilichokuwa kinachemsha gari bado kipo kimejificha hadi siku utakapopanda mlima Kitonga na familia nzima ndani. Kuipima ni kazi ya jikoni: ining’inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, pasha moto. Ikifunguka kabla maji hayajachemka na kujifunga yakipoa, inafanya kazi. Ikibaki imefunga, ndiyo ubadilishe, kwa nyingine.

Na maji ya kisima kwenye rejeta, wadogo zangu wa pwani hasa, hapana. Yana chumvi. Yanakula alumini na kuacha ukoko kwenye vijia vya rejeta. Weka kulanti. Watu hudhani ni ya nchi za barafu, kumbe inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Ukikwama njiani, maji safi ya kunywa yatakufikisha nyumbani, kisha yamwage.

Mshale ukipanda, au taa nyekundu ya joto ikiwaka kwa magari yasiyo na mshale, zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho na ufungue madirisha. Hita hunyonya joto la injini. Paki mahali salama, zima. Mfuniko usiguswe hadi uweze kuweka kiganja juu ya bomba la rejeta bila kuungua. Watu wamebabuka uso kwa haraka ya dakika kumi. Siku inayofuata, gari likiwa baridi, tazama: maji yanayotoa mapovu mfululizo injini ikiwashwa, uji wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, moshi mweupe usiokoma, maji yanayopungua bila kuvuja popote. Ukiona mawili kati ya haya, gasketi ya silinda hedi imeondoka. Hiyo si kazi ya uani. Usiliendeshe tena kwa “taratibu”.

Kelele nitazipitia upesi. Kak-kak-kak ukikata kona hadi mwisho ni joint ya ekseli. Mvumo unaokua na mwendo na kubadilika ukipinda ni beringi ya gurudumu. Kugonga kwenye matuta ni linki za stabilaiza au bushi, na hizo ni nafuu kuliko shokapu, kwa hiyo anza nazo.

Kuna mpaka mmoja ambao nawaomba msiuvuke. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ya majimaji hushuka, ya kukunjika huteleza, na tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Nunua stendi mbili, weka kigingi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, fanyia kazi kwenye sakafu ngumu. Kama huna stendi, kazi ya chini ya gari isubiri.

Ukienda kwa fundi, usiende na jina la spea. Nenda na daftari: asubuhi ilikuwa volti 12.5, stata ikizungusha ikashuka hadi 7. Fundi mzuri atafurahi, umempunguzia kazi. Na kila kinachobadilishwa, omba cha zamani ukione.

Nimalizie kwa yule mdogo wangu aliyeuliza kuhusu pedali ya breki. Umesema ukiikanyaga na kuishikilia inazama taratibu hadi chini, ila mafuta ya breki hayavuji nje. Inaelekea masta silinda inavujia ndani. Mipira yake haishiki presha. Kuongeza mafuta hakutasaidia, na kupampu pedali mara tatu kila ukitaka kusimama si njia ya kuishi. Usiliendeshe hata hadi gereji ya jirani. Mpigie fundi aje na vifaa vyake, au livutwe. Watoto wapande daladala wiki hii.