SOMO LA UFUNDI: RESORI ZA KISASA NDANI YA MOTOKARI YA ZAMANI



Kila mtu aliyepanda motokari toka Butembo mpaka huku kwetu Manguredjipa anajua habari ya resori, hata kama hajasoma fizika. Safari ni ya karibu kilometa 100 tu, lakini mgongo unazihesabu zote. Mara nyingi tunasikia mabishano kando ya barabara mbele ya Land Rover ya zamani. Mmoja anasema: «Tutoe hizi resori za mababu huku nyuma, tutie za kisasa, itatembea kama mashua juu ya maji.» Mwingine anajibu: «Acha vile iko. Wazungu walioitengeneza hawakuwa wajinga.»

Nani anasema kweli? Katika somo hili tutaona kwamba wote wawili wana sehemu ya kweli, lakini wote wawili wanasahau jambo moja. Jambo lenyewe ni hili: resori ya zamani haifanyi kazi moja, inafanya kazi nne. Anayeitoa na kutia ya kisasa, yampasa atafute kitu kingine cha kufanya kazi zile zinazobaki. Asipofanya hivyo, anaua watu.

1. RESORI NI NINI?

Resori ni chuma kinachokubali kupindika na kurudi. Mwingereza Robert Hooke aliandika kanuni yake mwaka 1678: mzigo ukizidi mara mbili, resori nayo inashuka mara mbili. Tunaandika F = k × x. F ni nguvu ya mzigo, x ni kipimo cha kushuka, na k ni ugumu wa resori. Resori ngumu iko na k kubwa, resori laini iko na k ndogo. Shika vizuri kanuni hii, tutaitumia mbele.

2. RESORI YA VIBAO

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948. Toka mwaka ule mpaka 1985, zile ambazo watu wanaziita Series zilikuwa na resori za vibao vya chuma, mbele na nyuma. Mafundi wetu wanaviita «lame». Vibao vinalazwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu, vifupi chini, na bulo moja inapita katikati.

Juu ya nini vibao vingi, wasitie chuma kimoja kinene? Jaribu mwenyewe. Pasua mwanzi, toa fito tatu zenye unene sawa. Funga mwisho wa ufito mmoja juu ya meza, utundike jiwe kwenye mwisho mwingine, upime unavyoshuka. Kiisha weka fito tatu pamoja, pasipo kuzibana: zitashuka theluthi moja tu. Sasa fikiri ufito mmoja wenye unene wa zote tatu. Huo hautakuwa mgumu mara tatu, utakuwa mgumu mara 27, kwa sababu ugumu unafuata unene mara unene mara unene (3 × 3 × 3). Tena ukiulazimisha kupindika sawasawa na ufito mwembamba, utavunjika kwanza.

Ndiyo maana vibao vyembamba vingi vinabeba mzigo mkubwa na bado vinapindika. Ni akili ya zamani sana. Hata magari ya farasi yaliitumia.

3. KAZI NNE

Ingia chini ya motokari (ikiwa imesimama juu ya magogo mazuri, si juu ya jeki peke yake!), uangalie resori ya nyuma. Utaona kazi hizi:

a) Inabeba mzigo.
b) Inashika ponti ya nyuma mahali pake, isiende mbele wala nyuma, kushoto wala kuume. Mwisho mmoja wa resori umefungwa imara kwenye shasi. Mwisho wa pili umefungwa na kipande kinachocheza, ili resori ipate nafasi ya kurefuka.
c) Inazuia ponti isijizungushe. Shofere akikanyaga freni, au akitia nguvu ya kupanda mlima, ponti inataka kugeuka pamoja na magurudumu. Vibao vinakataa.
d) Vibao vinasuguana. Msuguano ule unapunguza kurukaruka, hata amortisere zikiwa zimekufa. Wengi wetu tumepanda motokari zisizo na amortisere hata moja, na zilifika.

Lakini kazi hii ya nne iko na ubaya wake. Matope na kutu vikiingia katikati ya vibao, vinashikana. Vibao vilivyoshikana vinaanza kufanana na kile chuma kimoja kinene tulichosema. Hapo motokari inapiga kama nyundo, na watu wanasema «resori za zamani ni mbaya», kumbe ni chafu tu.

4. RESORI YA KUVIRINGWA

Angalia ndani ya kalamu ya kubofya, utaona resori ndogo iliyoviringwa kama nyoka juu ya mti. Ndiyo resori ambayo wengi wanaiita ya kisasa, ingawa si mpya. Range Rover ilitoka nayo mwaka 1970, mbele na nyuma. Land Rover yenyewe ikaifuata mwaka 1983, katika ile iliyoitwa One Ten, ambayo toka 1990 inajulikana kwa jina Defender.

Resori hii haina vibao vya kusuguana, basi inaitika upesi na kwa upole. Gurudumu linashuka ndani ya shimo, lakini mwili wa motokari unabaki karibu umetulia. Ni raha kweli kweli. Lakini kati ya kazi nne, inafanya moja tu: kubeba mzigo. Haishiki ponti, haizuii kujizungusha, haipunguzi kurukaruka. Kwa hiyo Range Rover ilitiwa mikono miwili ya chuma toka shasi mpaka ponti ya nyuma, na mkono wa tatu wenye umbo la A katikati, juu ya ponti. Tena haiwezi kutembea vizuri pasipo amortisere nzima.

5. TUFANYE HESABU

Hesabu hizi ni za mfano tu, wala si za motokari fulani. Tuseme nyuma ya motokari tupu kuna uzito wa kilo 600 juu ya resori mbili. Ikipakiwa kahawa, mafuta ya mawese na watu, inakuwa kilo 1200. Tuhesabu kilo moja kuwa niutoni 10.

Resori laini: kila moja niutoni 25 kwa milimeta, mbili pamoja 50. Tupu inashuka 6000 : 50 = milimeta 120. Na mzigo inashuka 12000 : 50 = milimeta 240. Tofauti ni milimeta 120.

Resori ngumu: mbili pamoja niutoni 100 kwa milimeta. Tupu inashuka milimeta 60, na mzigo 120. Tofauti ni milimeta 60.

Tuseme sasa, motokari ikiwa tupu, kuna nafasi ya milimeta 110 kati ya ponti na ule mpira wa kuzuia chini ya shasi. Mwenye resori laini amekwisha kuipita kabla hajatoka sokoni! Ponti inalala juu ya mpira, na kila shimo linapiga shasi moja kwa moja. Mwenye resori ngumu anabaki na milimeta 50 za kuchezea.

Lakini msimcheke upesi yule wa resori laini. Hesabuni pia mara ambazo motokari inapanda na kushuka kwa dakika moja. Resori laini, motokari tupu: mara 87. Resori ngumu, motokari tupu: mara 123, na hapo ndipo tumbo linauma. Resori ngumu na mzigo: mara 87 tena. Mnaona? Resori ngumu yenye mzigo ni tamu sawasawa na resori laini pasipo mzigo. Ndiyo sababu wazee wanapenda kupanda kamyo iliyopakiwa kuliko ile tupu.

Basi ugonjwa wenyewe si uzee wa resori. Ugonjwa ni kwamba motokari moja inatumwa kazi mbili, kwenda tupu na kurudi imejaa. Wenye kamyo walipata dawa zamani: resori ya msaada, inayokaa bure mpaka mzigo unapoishusha kamyo, ndipo inaanza kubeba. Range Rover ya 1970 ilipewa chombo katikati ya ponti ya nyuma kinachoinua motokari chenyewe ikilemewa. Dawa ni mbili, ugonjwa ni mmoja.

6. NJIA MBILI ZA KUBADILISHA

Njia ya kwanza: vibao vya kisasa. Kuna resori za vibao viwili au vitatu tu, vinene katikati na vyembamba kwenye miisho. Unene unapungua kwa kufuata mstari wa parabola, ule ule wa darasa la hesabu, ili chuma kichoke sawasawa kila mahali. Vibao havigusani ila katikati na kwenye miisho, kwa hiyo matope hayavishikanishi. Vinafungwa mahali pale pale pa resori za zamani. Shasi haikatwi wala haiunganishwi kwa moto. Kazi (a), (b) na (c) zinabaki zilivyo. Kazi (d) imepotea, basi amortisere nzuri ni lazima. Ubaya mwingine: kati ya vibao kumi, kimoja kikivunjika unafika polepole nyumbani. Kati ya viwili, kimoja kikivunjika umepoteza nusu.

Njia ya pili: kutia ponti na resori za kuviringwa kutoka Range Rover au Defender. Wako watu wanaofanya hivyo, na ikifanywa vizuri inatembea vizuri. Lakini hapo hatusemi tena habari ya kubadilisha resori. Tunasema habari ya kujenga upya nusu ya motokari. Fundi anapaswa kujibu maswali haya kabla ya kuwasha moto wake:

– Mikono ya kushika ponti itafungwa wapi? Shasi ya Series haikuwekewa mahali pake. Chuma cha pale ni kizima, au kimeliwa na kutu ndani?
– Ponti ikishuka mpaka mwisho, resori haitatoka kwenye kikombe chake?
– Kardani itakuwa na pembe gani, na urefu wake unatosha?
– Mpira wa freni unafika pasipo kuvutwa? Land Rover nyingi za zamani ziko na njia moja tu ya mafuta ya freni kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukikatika, pedali inashuka mpaka chini na hakuna freni hata kidogo.
– Magurudumu yatatoka nje ya mwili? Kati ya magurudumu ya Series kuna karibu sentimeta 131, na ya Range Rover karibu 149.

Fikiri mkono mmoja umeachana na shasi kwenye mteremko, kwa sababu ya sudure mbaya. Ponti inakwenda upande mmoja, na motokari inaongozwa kutoka nyuma. Shofere anashika usukani, lakini si yeye tena anayeendesha. Na juu ya mizigo wamekaa watu kumi na wawili.

7. KWA BARABARA YETU

Angalieni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo hospitali na mashirika mengi wanazitumia katika nchi yetu. Zilianza mwaka 1984. Mwaka 1999 zilipewa resori za kuviringwa mbele, lakini nyuma, mahali pa mzigo, wakaacha vibao. Watengenezaji hawakukosa akili wala vyombo. Walijua mzigo unakaa wapi.

Basi shauri letu kwa mwenye Land Rover ya zamani ni hili. Kwanza, fungua resori ulizo nazo, safisha vibao, badilisha vilivyovunjika na mipira ya kwenye macho ya resori, tia amortisere nzima. Wengi wakifanya hivyo watashangaa na hawatatafuta kitu kingine. Pili, usiongeze vibao tu kila mara motokari inapolemewa. Resori haitavunjika, lakini shasi, ponti na vyuma vya magurudumu havikuongezewa kitu, ndivyo vitakavyovunjika. Tatu, ukiwa na feza, vibao vya parabola ni badiliko ambalo fundi mwangalifu anaweza kulifanya na kulirudisha. Nne, resori za kuviringwa uziachie motokari inayobeba mgonjwa na watu wachache kuliko magunia, na fundi anayeweza kujibu maswali yote ya sehemu ya 6 pasipo kusema «itakamata tu».

Kisasa si dawa kwa jina lake. Kitu ni kizuri kinapojua kazi ya kile kilichotangulia.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Taja kazi nne za resori ya vibao. Resori ya kuviringwa inafanya ngapi?
2. Fito nne zenye unene sawa ziko pamoja pasipo kubanwa. Ni ngumu mara ngapi kuliko mmoja? Na ufito mmoja wenye unene wa zote nne?
3. Resori mbili za nyuma pamoja ziko na ugumu wa niutoni 80 kwa milimeta. Mzigo wa kilo 400 ukiongezwa, motokari inashuka milimeta ngapi?
4. Kwa nini motokari yenye vibao vya parabola inahitaji amortisere kuliko yenye vibao vya zamani?
5. Pita sokoni, uangalie resori za nyuma za motokari tatu, zikiwa tupu na zikiwa zimepakiwa. Andika unaloliona, ulilete darasani.