Nyanya wa Miaka Mia: Somo Katika Maisha ya Bibi Asmaa binti Abubakar

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuamrisha kuwafanyia wema wazazi wetu, na khaswa wanapofikia uzee wakiwa mikononi mwetu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: ewe ndugu msomaji, haki ya mama kwa ajili ya kubeba mimba na kunyonyesha, sote twaijua. Walakini iko haki nyingine ambayo wengi wetu twaisahau, nayo ni haki ya kuulizwa. Mwanamke aliyeishi maisha marefu katika dini huwa amekusanya ilimu na busara nyingi, na asipoulizwa yu hai, huzikwa nazo. Na dalili ya neno hili twaipata katika maisha ya Bibi Asmaa, binti wa Sayyidna Abubakar, r.a.

Bibi Asmaa alizaliwa Makka kiasi cha miaka 27 kabla ya Hijra, naye ni dada mkubwa wa Bibi Aisha kwa upande wa baba. Alisilimu katika watu wa mwanzo. Siku ile Mtume s.a.w. alipohama pamoja na Abubakar, mwaka 622 wa Miladi, ni yeye aliyeupasua mshipi wake vipande viwili apate kufungia masurufu yao. Ndipo akaitwa Dhatun-Nitaqayn, yaani mwenye mishipi miwili.

Aliolewa na Zubayr bin Awwam, ambaye wakati ule hakuwa na mali ila farasi na ngamia wa kutekea maji. Bibi Asmaa akimlisha yule farasi, akiteka maji, akikanda unga. Na kwa kuwa hakujua kuoka mikate vizuri, majirani zake wa Kiansari wakimwokea. Tena akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la Zubayr, mwendo wa thuluthi mbili za farsakhi, yaani kama maili mbili. Aliendelea na kazi hiyo mpaka babake alipompelekea mtumishi. Katika taabu hiyo ndimo alimolelewa Abdullah, mtoto wa kwanza aliyezaliwa kwa Muhajirina Madina, na baadaye Bibi Asmaa akawazaa Mundhir, na Urwa, ambaye alikuja kuhisabiwa katika mafakihi saba wa Madina, na ndugu zao wengine.

Na yeye mwenyewe alikuwa mtoto mwema kwa mamake. Mamake Qutayla alimjia Madina naye yungali mshirikina. Bibi Asmaa hakumfukuza, wala hakujiamulia kwa rai yake, bali alimwendea Mtume s.a.w. akamwuliza kama yafaa kumwunga. Mtume akamwamuru amwunge. Basi ikiwa mama asiyekuwa Mwislamu ana haki hiyo, fikiri haki ya mamako aliyekufundisha shahada kabla hujaweza kutamka maneno mengine.

Sasa tuje kwenye shabaha ya somo letu. Bibi Asmaa aliishi mpaka mwaka 73 wa Hijra (692). Imepokewa kwa jamaa zake kwamba alitimiza miaka 100, hakung'oka hata jino, wala akili yake haikupotea, ijapokuwa macho yalimwondoka nuru mwisho wa umri. Na katika uzee huo nyumba yake haikuwa mahali pa kumwamkia tu na kwenda zako. Wana na wajukuu walikaa mbele yake kama wanafunzi.

Mjukuu wake mmoja, Abdullah bin Urwa, alimwuliza masahaba walikuwa wakifanyaje waliposikia Qur'ani. Akamjibu kuwa macho yao yakitoka machozi na ngozi zao zikisisimka. Mjukuu akamwambia kwamba siku hizi wako watu ambao wakisomewa huanguka wakazimia. Nyanya akajilinda kwa Mungu na shetani. Tazama namna swali moja la kijana lilivyotuhifadhia mizani ya kupimia mambo.

Tena liko kubwa zaidi. Bibi Asmaa alipokea kwamba mwanamke mmoja alimwuliza Mtume s.a.w. juu ya nguo iliyoingia damu ya hedhi, naye akamwelekeza aikwangue, kisha aisugue kwa maji, kisha asali nayo. Hadithi hii alimhadithia mjukuu wake Fatma, binti wa Mundhir. Fatma akamhadithia mumewe, Hisham bin Urwa, naye pia ni mjukuu wa Bibi Asmaa. Hisham akamhadithia Imam Malik, aliyefariki mwaka 179 (795), akaiandika katika Muwatta. Na Imam Shafii alikisoma kitabu hicho kwa Malik mwenyewe. Basi sisi watu wa pwani, ambao wengi wetu ni Mashafii, kila mtoto wetu anapofundishwa chuoni kuwa nguo yenye damu hutoharishwa kwa maji, hukumu hiyo imepita katika kinywa cha nyanya aliyeulizwa na mjukuu wake. Lau Fatma angaliona maneno ya mzee ni maneno ya jikoni, lingalipotea fungu kubwa la ilimu.

Wala usiseme kuwa kuuliza ni kazi ya watoto. Katika mwaka ule wa 73, Hajjaj alipomzingira Abdullah bin Zubayr ndani ya Makka, na watu wake wengi wakamwacha, Abdullah alikwenda kwa mamake kumtaka shauri. Naye alikuwa mtu wa miaka 70 na zaidi, aliyepewa baia ya ukhalifa. Mamake hakumpendezesha kwa maneno matamu; alimwambia kwamba akiwa anajua yuko katika haki, na aendelee nayo. Akatoka akapigana mpaka akauawa. Bibi Asmaa akafariki baada yake kwa siku chache.

Katika maisha haya tuchukue mambo matatu.

La kwanza: keti na mamako na nyanyako. Baraza tunayokaa baada ya Isha kila usiku haitapungua kitu tukiondoka nusu saa tukaenda kuwasikiliza.

La pili: waulize na uandike, nasaba ya jamaa, dua walizofundishwa, deni na ahadi walizoziacha waliotangulia, na watu wa kuungwa. Mara nyingi ugomvi wa urithi huzuka kwa sababu ajuaye amekufa hakuulizwa.

La tatu: usiuahirishe wema mpaka siku ya matanga. Kumwombea maiti ni jambo jema, na dua ya mtoto mwema humfikia mzazi kaburini. Walakini ni aibu mtu kuchinja ng'ombe siku ya hitima ya mamake, ilhali alipokuwa hai alimnyima saa moja ya kumkalia.

Ewe ndugu, ikiwa mzee wako yuko nyumbani, funga waraka huu uende kwake. Na ikiwa ametangulia, mwombee, watazame rafiki zake, na uwaeleze wanao aliyokufundisha.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu walio hai na waliokufa, na utujaalie tuwe wema kwao kabla ya kuwakosa. Amin.