Ana Pointi Tatu, Anataka Uwakili

Swali: Kijana wa Matombo, milimani Uluguru, amemaliza kidato cha sita na D ya Historia na E ya Kiswahili. Je, sheria ndiyo basi tena?

Jibu: Hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) haina huruma. Inadai pointi 4.0 katika masomo mawili; D ina 2, E ina 1. Kijana ana 3, na kwa hizo hata Chuo Kikuu Mzumbe, jirani yake, hakitampokea moja kwa moja kusomea shahada.

Ipo njia ya kuzunguka, yenye jasho kuliko kupanda Bondwa: stashahada ya sheria, kama ile ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Akipata wastani wa 3.0, anaweza kuomba shahada.

Ila asihesabu vifaranga mapema: baada ya shahada, anayetaka uwakili hupitia pia mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Mwaka 2022, kati ya watahiniwa 633 wa mafunzo hayo, waliofaulu kwa mkupuo mmoja walikuwa 26. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Na wote hao 633, inafaa ikumbukwe, walikuwa tayari na shahada mkononi.